Ngome ya Chillon, Uswisi: nilirudi mara ya pili na sijutii

Mara ya kwanza nilipelekwa Chillon na kampuni moja ya kutembeza wageni. Tulijaa basi zima, tukapewa dakika 40. Foleni ya tiketi ilikula robo saa, kusubiriana kukala nyingine, na nilichobahatika kukiona ni lango, ua wa kwanza na duka la zawadi. Nilirudi Lausanne kwa binti yangu moyo umeniuma. Wiki iliyofuata nikafunga safari mwenyewe na mjukuu wangu wa miaka tisa. Tuliingia saa nne asubuhi, tukatoka saa tisa alasiri. Haya ninayoyaandika ni ya siku hiyo ya pili.

Nimefanya kazi ya forodha Zanzibar miaka 22, na ninalitaja hilo kwa sababu ndilo jicho nililoingia nalo. Wengi huitazama Chillon wakaona picha nzuri: minara, maji ya buluu, theluji juu ya milima. Mimi nilipofika nje ya lango nilisimama nikatazama barabara kwanza, nikajua pale ni pa kukusanyia ushuru.

Ukitoka Montreux kuelekea Villeneuve, mlima unashuka mpaka karibu uguse Ziwa Geneva, ambalo wenyeji huliita Léman. Pamebana kiasi kwamba barabara kuu ya magari imebidi ijengwe juu ya nguzo ubavuni mwa mlima, na chini kumebaki upenyo wa reli na barabara ya zamani tu. Sasa vuta picha ya msafara wa nyumbu karne ya 13. Umetoka Italia, umevuka njia ya mlimani ya Mtakatifu Bernard Mkuu, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, na unakwenda kwenye masoko ya Champagne huko Ufaransa na viungo vilivyosafiri kutoka Bahari ya Hindi. Mkono wa kulia mlima, mkono wa kushoto maji, mbele ngome. Hapana pa kupitisha magendo.

"Bibi, si wangepita juu kule?" mjukuu wangu akaniuliza akionyesha msitu.

"Na nyumbu ana mzigo mgongoni?" nikamwambia. Akautazama tena mlima, akanyamaza.

Jina la Chillon limeandikwa kwenye hati ya mwaka 1150, na wakati huo njia ilikuwa tayari mikononi mwa ukoo wa watawala wa Savoy. Mwaka 1214 Thomas wa Kwanza wa Savoy alianzisha mji wa Villeneuve pale jirani, na huko ndiko mizigo ilikotozwa ushuru chini ya ulinzi wa ngome. Katikati ya karne hiyo Pierre wa Pili wa Savoy akaipanua ngome, akimtumia fundi wake Pierre Mainier. Nyingi ya sehemu unazoziona leo zina mkono wa kipindi hicho.

Ngome imekaa juu ya jabali la chokaa lililojitenga kidogo na ufuko. Mkono mwembamba wa ziwa unapita katikati, kwa hiyo handaki lao walipewa na Mungu. Unavuka kwa daraja la mbao lenye paa. Kabla ya kuvuka, teremka kwanza ufukweni uitazame kwa pembeni, kwa sababu ina nyuso mbili. Uso wa barabarani ni wa vita: kuta nene, minara ya mviringo iliyotokeza nje, matundu membamba ya kurushia mishale. Uso wa ziwani ni wa starehe: madirisha makubwa ya kuchongwa, kumbi za karamu, vyumba vya kulala vya mabwana. Aliyekuja na mzigo aliona ngome, na aliyekuja na mashua akaona kasri. Ndani kuna majengo kama 25 yaliyounganishwa kidogo kidogo karne baada ya karne, yakizunguka nyua tatu, ndiyo maana ngazi zinapanda na kushuka bila mpangilio na unaweza kupotea mara mbili kabla ya adhuhuri.

Sitaeleza kila chumba, viko vingi. Kumbi kubwa nilizipenda kwa ajili ya nguzo zake za mwaloni na dari za mbao. Kaa kwenye kibaraza cha dirishani, kile cha jiwe kilichochongwa ndani ya unene wa ukuta, usikie maji yakipiga chini yako. Chumba cha kulala cha mtawala kina michoro ya karne ya 14 iliyofifia, wanyama wa kweli na wa kubuni waliochorwa ukutani. Kanisa dogo la Mtakatifu George nalo lina michoro ya karne hiyo hiyo. Kilichomfurahisha mjukuu wangu kuliko vyote ni choo: ubao wenye matundu, na chini yake bomba refu la mawe linaloshuka hadi ziwani. Alichungulia akacheka mpaka watu wakageuka.

Chini ya jengo ndipo nilipotumia saa nzima, na kama muda wako ni mfupi, anzia huko.

Unashuka ngazi za mawe na baridi inakupokea. Nilitegemea shimo jeusi. Nikakuta ukumbi mrefu wenye safu ya nguzo, na dari ya matao inayopishana kwa ufundi ule ule waliojengea makanisa makubwa. Upande mmoja ukuta si ukuta, ni jabali lenyewe limeachwa kama lilivyoumbwa. Upande wa ziwa kuna vidirisha vyembamba, na jua likiwa limeelekea magharibi mwanga unapiga maji, unarudi juu, unachezacheza darini. Panapendeza. Na hapo ndipo watu walipofungwa minyororo.

Mahali hapa palianza kama ghala. Hilo lilinishika kooni. Forodha yetu Zanzibar nayo, kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873, ilikuwa ikitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa, binadamu akihesabiwa pamoja na pembe na karafuu. Kwa hiyo ghala lililogeuzwa gereza si jambo la ajabu kwangu, lakini sikuweza kupita pale haraka.

Mfungwa anayejulikana zaidi ni François Bonivard, mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Victor mjini Geneva. Alisimama na watu wa Geneva dhidi ya mtawala wa Savoy, Charles wa Tatu, akakamatwa mwaka 1530. Miaka miwili ya mwanzo aliwekwa juu, kwa heshima kiasi. Mwaka 1532 akateremshwa chini, na inasemekana alifungwa kwenye nguzo ya tano. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba alipata muda mwingi mno wa kutembea huko chini hata akachimba njia kwenye mwamba kwa miguu yake. Watu wa Bern, mji mwingine wa Uswisi, walipoiteka ngome mwezi Machi 1536 ndipo alipotoka. Alirudi Geneva, akaandika historia ya mji huo, akafariki mwaka 1570.

Mjukuu wangu alishika pete ya chuma iliyopigiliwa nguzoni. "Ni baridi," akasema. Kisha akaanza kutembea kuizunguka nguzo, akihesabu hatua kwa Kifaransa na mkono wake mmoja ukiwa bado umeshika pete. Alifika hatua ya nne mkono ukamvuta. Akarudi kinyume, akafika ya nne tena. Sikumweleza neno.

Juu ya nguzo ya tatu kuna jina la Byron limechongwa na kufunikwa kioo. Mshairi huyo wa Kiingereza alifika mwezi Juni 1816 pamoja na mshairi mwenzake Shelley, na mvua ilipowazuia ufukweni mwa ziwa akamwandikia mfungwa wa Chillon utenzi mrefu. Utenzi huo ndio ulioanza kuleta wasafiri kutoka kila pembe, na hadi leo watu wanapiga picha ya jina lake kuliko ya pete. Mfungwa wa Byron ana ndugu wanaokufa mbele ya macho yake, kisa ambacho hakikumpata Bonivard wa kweli. Mshairi ana haki yake, lakini mimi namtaka yule mtu aliyechimba njia.

Kuna na wengine ambao hakuna aliyewaandikia utenzi. Mwaka 1348, tauni ilipoingia, Wayahudi wa Villeneuve na miji ya karibu walisingiziwa kutia sumu visimani. Waliletwa Chillon, wakateswa mpaka wakakiri walilolitaka watesaji, na Wayahudi wakachomwa moto. Maneno waliyolazimishwa kuyasema yalisambazwa miji mingine na kuleta mauaji zaidi. Baadaye, chini ya Bern, humu walifungwa watu waliotuhumiwa uchawi. Mgeni mwenye watoto aamue mapema atawaambia nini. Mimi nilimwambia wangu kweli, kwa maneno machache.

Bern iliishika Chillon tangu 1536 hadi 1798, kisha ikaja mikononi mwa jimbo la Vaud, ambalo linaimiliki mpaka sasa. Ukarabati mkubwa ulianza mwishoni mwa karne ya 19 chini ya Albert Naef, na heshima yangu kwake ni kubwa: mafundi walichunguza kabla ya kugusa, na unaona wazi wapi pa zamani na wapi pa kuongezwa.

Kwa atakayekwenda: mnara mkuu katikati unapandika, ila ngazi ni nyembamba na zenye mwinuko, na sakafu nyingi hazikulingana. Mwenye magoti mabovu au gari la mtoto ajipange. Mimi nilipanda polepole na kupumzika kila ghorofa. Beba sweta hata kama nje kuna jua. Kifaa cha maelezo kwa sauti kinakodiwa, nacho kina faida. Vyumba vina namba, unafuata. Kiswahili hakimo, basi nikawa mimi ndiye kifaa cha mjukuu wangu. Ukilala hotelini Montreux omba kadi ya wageni, maana inakulipia basi.

Usiache kwenda kwa miguu kutoka Montreux ukiweza. Ni kama dakika 45 kandokando ya ziwa, kwenye njia ya maua, na mwanzoni unapita sanamu ya mwimbaji Freddie Mercury ameinua mkono juu akiyaelekea maji. Imewekwa hapo tangu 1996. Nilimwonyesha mjukuu wangu: huyu alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, kwetu. Alikataa kuamini mpaka alipompigia mama yake simu.

Kama ni nyota, natoa tano, kwa sharti moja: mpe Chillon siku nzima.

Alasiri mkwe wangu alitufuata na gari. Tulipokuwa tunapanda barabara kuu ile ya juu ya nguzo, ngome ikaonekana ndogo chini yetu. Mjukuu wangu akaigusa stika iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, akauliza ni ya nini. Baba yake akamjibu ni ya ruhusa ya kupita barabara hii, faranga 40 kwa mwaka.

"Bibi!" akageuka kunitazama. "Bado wanatoza!"