Diski ya nje ya gemu: fomati ipi uchague kabla hujatoa hela

Wengi wakitafuta diski ya nje ya konsoli (mashine ya gemu kama PlayStation au Xbox) wanaangalia ukubwa na spidi basi, fomati, yaani mpangilio ambao diski inatumia kuhifadhi faili, haikumbukwi mpaka siku konsoli inasema haioni kitu, au mbaya zaidi inaiona vizuri ila inataka kufuta kila kilichomo. Mimi niliwahi kubonyeza "sawa" bila kusoma na video za nyumbani za miaka mitatu zikaenda zote, ndo maana hii mada naichukulia siriasi sana. Kwa hiyo jiulize kwanza: unataka gemu zikae humo, au unataka kubebea vitu kama video, muziki na nakala za sevu (pale ulipofikia kwenye gemu)? Hizo ni kazi mbili tofauti na kwa konsoli nyingi diski moja haiwezi kuzifanya zote.

1. Fomati ya konsoli yenyewe

Kama lengo ni gemu, namba moja ni hii na haina mpinzani kwa sababu hata huulizwi, PS4, PS5 na Xbox zinafomati diski nzima kwa namna yao na baada ya hapo ukiichomeka kwenye kompyuta haisomeki, kompyuta itakuomba uifomati, usikubali! Maana yake pia ukienda kununua usilipie zaidi kisa boksi limeandikwa ya Mac au ya Windows, ile ni fomati iliyowekwa kiwandani tu na inafutwa siku ya kwanza. Angalia iwe USB 3.0 au zaidi, kwa PlayStation isipungue GB 250 wala kuzidi TB 8, kwa Xbox isipungue GB 128. Na kwenye PlayStation chomeka moja kwa moja, usipitishie kwenye habu (kile kigawanyio cha USB).

Sasa kuna hili linaloumiza watu wakishalipa. Gemu za PS5 zenyewe hazichezeki kutoka diski ya USB, unazihifadhi humo tu alafu unazirudisha ndani siku ukitaka kucheza, zinazocheza humo moja kwa moja ni za PS4. Xbox Series X na S ni hivyohivyo, zile zilizoboreshwa kwa ajili ya Series zinahifadhiwa tu ila za Xbox One na za zamani zaidi zinacheza freshi. Kama gemu zako zote ni mpya basi hata ununue SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya nje yenye spidi ya ajabu haitabadilisha kitu hapo, hela hiyo bora iende kwenye SSD ya M.2 ya ndani ya PS5 au kadi ya kuongezea ya Xbox. Ila usiidharau diski ya kawaida, kuhamisha gemu ya GB 100 kutoka kwenye diski ni afadhali mara mia kuliko kuidanlodi upya, hasa kama intaneti yako ni ya kupima.

2. exFAT

Hii ndo ya kubebea vitu. PS4, PS5, Xbox One na Series zote zinaisoma, Windows na Mac zinaisoma na kuiandika, na haina shida na faili kubwa. Ukitaka kukopi sevu za PS4, kufanya bakapu ya PlayStation nzima, au kuweka faili la apdeti ya PlayStation kwa mkono pale inapogoma kuwaka vizuri, hii inatosha. (Sevu za gemu za PS5 hazikopiwi mojamoja kwenda USB, hilo ujue mapema usije ukanunua flashi kwa kazi hiyo.)

Udhaifu wake ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kilichokuwa kinaandikwa, kwa hiyo ukichomoa ghafla katikati ya kazi au umeme ukikatika unaweza kukuta faili limeharibika, wakati mwingine folda nzima. Itoe salama kwenye menyu kila mara, hata kama una haraka. Wenye Switch (konsoli ya Nintendo): diski ya nje ya gemu haipo kwenu, ninyi ni kadi ya microSD, na kadi ya exFAT inaweza kudai apdeti kabla ya kukubalika. Switch 2 gemu zake zinataka microSD Express, ile kadi ya zamani haitoshi.

3. FAT32

Inunulie flashi ndogo tu. Faili moja haliwezi kufika GB 4, kwa hiyo sinema ndefu yenye picha kali inagoma kuingia hata kama nafasi ipo tele. Ila kama bado una PS3 huna njia nyingine, hiyo ndo inayosomwa.

4. NTFS

Najua watu wa Xbox watanibishia kwa kuiweka mwisho, na kweli kwao inasoma video bila tatizo na inavumilia kuchomolewa ghafla kuliko exFAT. Lakini PS4 na PS5 haziwezi kusoma faili zilizomo, Mac inaisoma bila kuandika, na diski nyingi za Windows zinakuja nayo tayari, ndo maana mtu anachomeka diski mpya kabisa kwenye PlayStation anadhani mbovu anairudisha dukani. Sio mbovu, kama ni ya kubebea vitu ifomati exFAT uchomeke tena, kama ni ya gemu iache konsoli iifomati yenyewe.