Jostiki ya mota kwa ndege za nyumbani: miaka mitatu nikiwa nayo Tanga

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyonifanya niwe mgumu kuridhika. Naendesha winchi bandarini hapa Tanga. Kutwa mikono iko kwenye wenzo, na mtu akikaa kwenye kibanda kile miaka kumi na moja, kiganja chake hujua mambo kabla ya jicho: mzigo umeanza kubembea, waya umelegea, breki inashika nusunusu. Nilipoanza kurusha ndege kwenye kompyuta nyumbani Chumbageni, jostiki ya kawaida, ile fimbo ya kuongozea ndege, iliniudhi tangu siku ya kwanza na sikujua kwa nini. Baadaye nikaelewa. Nilikuwa nimeshika kitu bubu.

Jostiki hiyo ilikuwa ya springi, plastiki tupu, ya bei ya chini. Springi kazi yake kukurudisha katikati, basi. Ndege imeegeshwa, springi ni ileile. Ndege inashuka kichwa chini kwa kilomita 300 kwa saa, springi ni ileile. Isitoshe, baada ya miezi minane ikapagawa, ndege ikawa inalala kushoto pasipo kuguswa. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa redio Ngamiani. Akaifungua, akanionyesha kitu kidogo cha duara kwa ncha ya bisibisi.

"Voliumu imeliwa, kaka. Hewa yetu hii ya chumvi haichagui redio wala kichezeo."

Neno kichezeo lilinichoma kidogo, ila kuhusu voliumu alisema kweli. Jostiki nyingi za bei ya chini husoma mkono wako kwa voliumu za kusuguana, za aina ileile ya kuongezea sauti kwenye redio, na mji wa pwani hauzipi maisha marefu. Kama mfuko wako unaishia kwenye springi, tafuta inayotumia sensa ya sumaku, ambayo haisuguani na chochote. Thrustmaster T.16000M ni mojawapo, na ipo nyumbani kwangu. Nitaifikia.

Sasa hii ya mota. Ndani yake mna mota mbili, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kulia na kushoto. Simyuleta, yaani programu ya kurushia ndege kwenye kompyuta, hupiga hesabu ya jinsi hewa inavyosukuma vibawa vya kuongozea, kisha huiambia mota ivute kiasi gani. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa huzidi mara nne. Kwa hiyo ndege ikiwa polepole mkono unakuwa mlegevu kama uji, na ikikimbia unakaza kama kamba ya nanga wakati maji yanatoka. Bawa likikaribia kuachwa na hewa, mkono unatetemeka kabla pua haijaanguka. Unaonywa kiganjani, huna haja ya kutazama kipimo chochote.

Niliyonunua ni mtumba: SideWinder Force Feedback 2 ya Microsoft, shilingi 240,000, kutoka kwa muuzaji wa Dar aliyeniwekea kwenye basi. Kwenye jina hilo iangalie sana ile namba 2. Dada yake mkubwa, Force Feedback Pro ya 1997, ilichomekwa kwenye tundu la pini 15 ambalo kompyuta za leo hazina. Namba 2 inatumia USB, na Windows 10 yangu iliitambua yenyewe bila kudai programu yoyote.

Utauliza, mtu mzima ananunuaje kitu cha umri huo? Kwa sababu kwa miaka mingi hapakuwa na kingine cha kununua. Kampuni ya Immersion ya Marekani ilishika hataza nyingi za mambo haya ya mtetemo na nguvu za mkononi. Mwaka 2002 iliwapeleka mahakamani Sony na Microsoft kwa pamoja, na Microsoft ikamalizana nayo mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2003 Microsoft ikaachana na ukoo wa SideWinder. Logitech walitoa G940 mwaka 2009, nayo ikaja ikapotea. Mitumba ikabaki inagombewa, na bei ya kitu kizee ikapanda badala ya kushuka.

Hasara yangu ya kwanza niliipata ndani ya dakika moja. Jostiki hii hainyonyi umeme wa kompyuta pekee. Ina waya wake wa ukutani, na yangu ilitoka Marekani. Muuzaji alikuwa ameniwekea kile kiplagi cha kubadilishia, pini bapa upande mmoja na pini zetu tatu upande wa pili. Nikachomeka. Ikatoa mlio kama wa bisi moja, halafu harufu. Kiplagi kile hubadili umbo la pini, volti hakizigusi! Chini ya kitako palikuwa na karatasi imeandikwa wazi volti 120, na sisi ukutani tuna 230. Mimi mtu wa winchi, ninayesoma kibao cha uzito kila siku ya kazi, sikugeuza kitu kusoma maandishi yake.

Fundi wa Ngamiani alibadilisha fyuzi na kapasita mbili zilizovimba, akanitoza 35,000, akaniamuru ninunue transfoma ya kushushia umeme. Tangu hapo haijasumbua. Ukinunua mtumba wa aina hii, mwambie muuzaji akupigie picha ya karatasi ya chini kabla hujatuma hela. Ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya, hizo volti zake zinaoana na zetu, labda pini tu.

Baada ya hapo ndiyo nikaonja utamu wake, na utamu wenyewe haukuwa kule nilikoutarajia. Wengi husifu mtetemo: bunduki, magurudumu kwenye changarawe, radi. Huo unafurahisha wiki moja. Kilichonifanya niikumbatie hii jostiki ni trimu.

Chukua Cessna Caravan, hizi zinazotua uwanja wetu wa Tanga kila leo. Usukani wake umeungwa na vibawa kwa nyaya za chuma. Rubani anashika hewa yenyewe, hakuna haidroliki, ile nguvu ya mafuta, katikati. Ukitaka kupanda unavuta, na hewa inavuta kwake. Huwezi kushindana nayo nusu saa nzima, kwa hiyo unazungusha gurudumu la trimu taratibu mpaka uzito unaondoka mkononi na usukani unabaki palepale ulipouweka. Unaweza kuachia ukanywa maji.

Kwa jostiki ya springi jambo hilo haliwezekani. Umevuta, unazungusha trimu, lakini springi inadai katikati, kwa hiyo lazima uilegeze kidogokidogo huku trimu ikiongezeka, na usipopatia pua inapanda, inashuka, inapanda tena kama ngalawa kwenye mkondo. Nilidhani mimi ndiye mjinga. Kumbe chombo hakina njia ya kunieleza. Kwenye ya mota katikati yenyewe inahama. Unavuta, unazungusha, unausikia uzito ukiyeyuka chini ya vidole, halafu kimya. Mara ya kwanza nilitoa mkono nikautazama kama si wangu.

Na helikopta nayo ina mambo yake: jostiki haitakiwi irudi katikati hata kidogo, inakaa ulipoiacha. Mota zinaachia, kazi imekwisha. Springi utaisukuma mpaka kifundo cha mkono kianze kuuma.

Jambo la programu linawaangusha wengi, kwa hiyo soma hapa kabla ya kununua. Simyuleta ya DCS World inaijua jostiki ya mota yenyewe, na kuipakua ni bure ikiwa na ndege mbili, mojawapo TF-51D, ya injini ya propela isiyo na haidroliki kwenye usukani. Anzia hapo, hutatumia senti. Simyuleta ya X-Plane haizungumzi nayo mpaka uongeze programu ya kulipia inayoitwa XPForce. Flight Simulator ya Microsoft, toleo la 2020, ilitoka bila msaada wowote wa nguvu za mkononi, na hiyo ni kampuni ileile iliyotengeneza SideWinder. Nilicheka peke yangu.

Aliyenifundisha kuwa mota si ya kila mtu ni mtoto wa dada yangu. Alikuja likizo, akaitaka A320, ndege ya Airbus, akakaa.

"Shikamoo mjomba. Hii mbona haina lolote? Umesema inavuta."

"Marahaba. Airbus haivuti."

Na ni kweli. Fimbo ya pembeni ya A320 halisi ina springi tu. Kompyuta za ndege ndizo zinazosukuma vibawa, trimu inajirekebisha yenyewe, na rubani hahisi hewa hata chembe. A220 za Air Tanzania nazo zina fimbo ya pembeni ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu wa Airbus akinunua jostiki ya mota amelipia kitu ambacho ndege yake yenyewe haina. Boeing 737 ina usukani wa haidroliki, lakini wao wametia mtambo maalumu wa kumtengenezea rubani uzito bandia mkononi, kwa hiyo hapo mota ina maana.

Kijana mwenyewe ni wa shoto, na SideWinder imechongwa kwa mkono wa kulia tu. Ndiyo maana nikamnunulia T.16000M, ambayo vipande vyake vinahamishika kwa mkono wowote. Kwenye Airbus kapteni hukaa kushoto na fimbo yake iko mkono wa kushoto, basi mtoto wa shoto kajiona amezaliwa na cheo. Sensa za sumaku zimekula mwaka na nusu wa hewa yetu, bado zimenyooka.

Kasoro za SideWinder zipo. Ndani ya mshikio mna kijicho kinachotazama kama mkono upo. Hakikuona, mota zinanyamaza. Ukizoea kushika kwa vidole viwili kama marubani wanavyofundishwa, nguvu inakatika katikati ya kona. Kuna wanaoziba kijicho kwa utepe. Nilijaribu, nikautoa, maana siku niliyoinuka kwenda kufungua mlango nilirudi nikakuta jostiki inajitikisa peke yake kama kuku aliyechinjwa. Pili, katikati kabisa pana ulegevu wa meno ya gia, milimita chache ambazo mkono hausikii kitu. Kwenye kuunga foleni na ndege nyingine angani unaudhi. Kwa safari zangu za Tanga na Pemba haunihusu.

Na umeme. Juni, kusi linavuma, natoka Chake Chake kuelekea magharibi na upepo unanipiga ubavu wa kushoto, Usambara zinaanza kuonekana mbele. Umeme ukakatika. Laptopu ina betri, ndege ikaendelea kuruka. Jostiki ikalala mkononi kama mkono wa mtoto aliyesinzia. Hakuna springi ya akiba ndani, mota zikifa hakuna kitu. Ndege ikapinda kuelekea baharini na mimi nahangaika. Kutoka jikoni nikasikia:

"Baba Mwanaisha, umefika au umezama?"

Nimezama. Kesho yake nikanunua UPS ndogo, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, na transfoma imechomekwa hapo.

Mwaka huu nilikwenda Dar kwa rafiki mwenye kitako kipya cha jostiki ya mota cha kampuni ya MOZA, AB9, nikakaa nacho wikendi nzima. Hiki ni kiumbe kingine. Tisa ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Kwa mshikio ulio sentimita 25 juu ya egemeo, hiyo ni zaidi kidogo ya kilo tatu na nusu za kuvuta mkononi. SideWinder inakunong'oneza, hii inakushika mkono. Ule ulegevu wa katikati sikuuona. Unapanga mwenyewe msuguano, uzito, ukinzani, ndege kwa ndege, na jioni ya kwanza yote iliishia kwenye kupanga badala ya kuruka. Kitako kinauzwa peke yake, mshikio unanunua mbali, na rafiki yangu alivyonipigia hesabu pamoja na usafiri na ushuru, ilipita milioni mbili na nusu. Ipo ndogo yake, AB6, ya nyutoni-mita 6. Kwa mtu wa Caravan naona hiyo inatosha sana. Tisa ni za wenye ndege za kivita.

Lakini kuna gharama ambayo haimo kwenye bei. Meza ya rafiki yangu ilikuwa ya mbao za kubana, na kila alipovuta kwa nguvu meza nzima ilimfuata. Alikuwa ameifunga kwa vibano viwili na bado inalia. Mimi najua kitu kinachovuta kinahitaji mahali pa kushikilia, hata winchi isiyofungwa vizuri hujiinua yenyewe. Kwa hiyo sijaagiza kitako. Nimeagiza meza kwanza, kwa seremala wa Makorora, mninga, miguu ya chuma ya kufungwa sakafuni kwa bolti nne. Amesema wiki mbili, na hii ni ya tano.