Amitriptilini au fluoksetini, ipi afadhali?

Hili swali la dawa hizi mbili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) hapa Tanga haliishi, na mi naona inategemea we unaishi vipi. Amitriptilini inakulaza kweli, ndo maana inamezwa usiku, ila asubuhi kichwa bado kizito, mdomo mkavu, choo kigumu, sasa kama we ni bodaboda wa Ngamiani au unaingia baharini alfajiri hapo pana hatari. Fluoksetini inamezwa asubuhi, haisinzishi sana, ila wiki za mwanzo kichefuchefu, na usingizi unaweza kuruka. Ukisahau dozi moja inakuvumilia, maana inakaa mwilini siku nyingi.

Tofauti kubwa ni hii: amitriptilini ikizidishwa inavuruga moyo na inaua, kwahiyo kama nyumbani kuna watoto, au mgonjwa ana mawazo ya kujiua, vidonge atunze mtu mwingine na daktari aambiwe mapema. Mzee mwenye moyo mbovu, fluoksetini mara nyingi ndo salama zaidi. Asiyelala kabisa na ana maumivu ya neva, amitriptilini inaweza kumfaa. Yoyote utakayopewa, usichanganye na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, bila daktari kujua, pombe ya mnazi weka pembeni, na usiache ghafla eti umepata nafuu, dozi inapunguzwa taratibu na aliyekuandikia.