Pikapu mpya inatetemeka kwenye lami, na kaunta inakwambia "ndivyo pikapu ilivyo"

Jina la gari sitaji, wala la aliyeuza. Chuma chenyewe hakijaniudhi sana; kilichonichoma ni jibu nililopewa. Dabo kabini mpya kabisa, nailoni za viti bado zimo, ukifika kilomita 95 kwa saa sakafu inaanza kutetemeka. Kwenye 105 inakuwa kali mpaka kioo cha ndani hakisomeki. Ukipita 120 inalegea. Ukiirudisha ilikotoka, kijana wa kaunta hanyanyuki hata kwenye kiti: "Bosi, pikapu ndivyo ilivyo. Ungetaka ulaini ungechukua gari dogo la saluni."

Si kweli, na anayelipwa kukaa pale anapaswa kujua kuwa si kweli. Pikapu tupu hudunda, hilo sawa. Springi zake za nyuma, zile za vipande vilivyolaliana, zimepangwa kubeba kama tani moja, kwa hiyo bila mzigo zinakuwa ngumu na kila tuta unalihisi mgongoni. Lakini kudunda hutoka barabarani: spidi yoyote, shimo lolote. Mtetemo unaokuja kwenye spidi ileile, juu ya lami laini, na ukaondoka ukibadilisha spidi, unatoka kwenye kitu kinachozunguka ambacho hakiko duara, hakina uzani sawa au hakijanyooka. Kitu hicho kinapatikana, na kwa mtu mwenye jeki, spana na nia, hakimalizi nusu siku.

Hesabu yake si ya siri. Tairi la 265/65R17 lina mzingo wa karibu mita 2.44. Kwenye kilomita 100 kwa saa unakwenda mita 27.8 kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara 11 na kidogo kila sekunde. Kama difu (gia za eksli ya nyuma) ina uwiano wa 3.9, propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka mara 44 hivi kwa sekunde hiyohiyo. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika inachoma mara 67 kwa sekunde. Hizi namba tatu ziko mbalimbali mno kuchanganywa. Ule wa 11 ni mtikisiko: unauona kwa macho, kiti cha abiria kilicho wazi kinatikisika. Ule wa 44 ni mvumo unaoingia miguuni na masikioni, ukikaa nao saa mbili unashuka na kichwa kinachouma. Kuna programu ya bure ya simu iitwayo phyphox, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayosoma mtetemo na kukuchorea ni mara ngapi kwa sekunde. Laza simu sakafuni karibu na reli ya kiti, isiwe mkononi wala kwenye kishikio cha plastiki kinachocheza chenyewe, mwenzako aisome wakati wewe unaendesha. Mimi nilikwenda kaunta na namba hizo zimeandikwa. Kijana hakuzitazama.

Hata bila simu, kuna majaribio ambayo fundi yeyote wa gereji yenye kibali cha kampuni alipaswa kuyafanya siku ya kwanza. Tafuta kipande cha lami laini kilichonyooka. Barabara ya Morogoro kati ya Kibaha na Chalinze usijisumbue, malori ni mengi na huwezi kushika spidi moja; ukishakunja kuelekea Segera unapata nafasi. Panda hadi spidi ya mtetemo. Shusha gia moja ukiwa kwenye spidi ileile: mtetemo ukibaki vilevile, injini haina hatia. Achia mafuta kabisa, kisha kanyaga tena kidogo: ukiongezeka unapokanyaga na kupungua unapoachia, tazama propela, krosi zake (viungo vinavyoiruhusu kujikunja) na pembe ya difu. Ukibaki sawa hata gari likiserereka lenyewe, tazama magurudumu. Ukija unapofunga breki tu, ni diski. Usukani ukicheza, anza mbele. Kiti na sakafu vikicheza huku mikono imetulia, anza nyuma. Yangu ilikuwa kiti na sakafu, kanyaga au achia.

Baada ya hapo kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi: hamisha magurudumu ya nyuma yaje mbele, ya mbele yaende nyuma, rudi barabarani. Mtetemo ukihama kutoka kwenye kiti kuja kwenye usukani, umeshamkamata mhusika, ni tairi au rimu. Hawakulifanya. Walichofanya ni kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, na nikirudi wakabalansi tena, na kila mara karatasi ikatoka imeandikwa sifuri, kisha ile sifuri wakaigeuza kuwa ushahidi dhidi yangu.

Hapa ndipo watu wengi wanapotezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mashine ya balansi inapima uzito tu, na inaupima gurudumu likiwa hewani. Tairi lenye umbo la yai unaweza kulibandika risasi, vile vipande vya uzito vya rimu, mpaka mashine ikaonyesha sifuri pande zote, nalo litabaki yai, na likiguswa na lami chini ya uzito wa gari litainua eksli kila mzunguko. Pili, sifuri ya mashine inategemea gurudumu limekaaje kwenye shafti yake. Koni inayolishikilia ikiwa ya saizi isiyofaa, au rimu ikishikwa upande wa mbele badala ya kuegemea sehemu inayogusana na habu (kitovu gurudumu linapofungwa), mashine inabalansi gurudumu lililokaa kombo. Namna ya kuwakamata ni rahisi. Wakimaliza na kuonyesha sifuri, mwombe fundi alegeze koni, azungushe gurudumu nusu mzunguko juu ya shafti, akaze, apime upya. Ikija zaidi ya gramu 10, ile sifuri ya kwanza haikuwa na maana yoyote. Na ukiona rimu moja ya alumini imebandikwa risasi za gramu 100 na zaidi, uliza kwa nini, maana gurudumu lisilo na kasoro halihitaji uzito huo. Kwanza lizungushwe tairi nusu mzunguko juu ya rimu ndipo lipimwe tena. Matairi mengi mapya huja na alama: nukta ya njano inaonyesha upande mwepesi na huwekwa usawa wa valvu, nukta nyekundu inaonyesha pale tairi lilipo juu zaidi na huwekwa pale rimu ilipo chini zaidi, kama rimu ina alama hiyo. Mafundi wanazifuta kwa sabuni bila kuzitazama.

Kwa nini gari jipya liwe na tairi bovu? Kwa sababu upya wa gari hauanzi siku unapokabidhiwa funguo. Linasimama kiwandani, melini, bandarini, kisha kwenye yadi, juani, wiki kwa miezi, uzito wote umekaa sehemu moja ya tairi. Bapa dogo la kusimama usiku au wiki huisha ukiendesha kilomita 20 au 30, mpira ukipata moto. Bapa la miezi, hasa kama upepo ulipungua, halirudi. Ndiyo maana magari ya melini hujazwa upepo wa ziada, na ndiyo maana ukaguzi wa kabla ya kukabidhi unatakiwa kuushusha. Lako lisome mwenyewe. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na pikapu nyingi zikiwa tupu hutaka psi 30 na kitu. Ukikuta 45, hakuna aliyelikagua hilo gari, hata kama fomu ina vema kila kisanduku. Langu nililikuta hivyo, na fomu ilikuwa imejaa vema.

Sasa niseme la haki. Gereji ileile ina fundi mtu mzima, yuko ndani kabisa, hawamleti mbele ya wateja. Yeye hakuuliza swali lolote la kejeli. Alitaka gari liendeshwe kwanza mpaka matairi yapate moto, akainua eksli ya nyuma, akazungushia selotepu ya karatasi katikati ya tairi ili mashimo ya kashata (mifereji ya tairi) yasiurushe mshale, akaegesha dayo geji, kipimo cha mshale cha sehemu za milimita, akazungusha taratibu kwa mkono. Tairi la nyuma kushoto lilipanda na kushuka milimita 2.1. Mengine yote yalikuwa chini ya 1. Mpaka wa kawaida kwa gurudumu zima likiwa kwenye gari ni kama 1.5. Akapima rimu peke yake: 0.4, nzima. Akafungua gurudumu, akasugua uso wa habu kwa brashi ya waya kwa sababu kulikuwa na rangi iliyoganda, akaweka spea mahali pake, akakaza nati kwa mpango wa nyota kwa awamu mbili, ya mwisho kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza. Pikapu nyingi za nati sita hutaka kati ya Nm 100 na 140, kitabu cha gari lako kitakwambia. Ile bunduki ya upepo wanayoipenda hukaza nati moja kupita nyingine, diski inakaa kombo, na miezi michache baadaye breki inakupigapiga mguuni.

Mtikisiko ukaisha. Kwa saa ile ningewapa nyota nne, na gari ningelisifia kwa yeyote: injini haichoki, kabini haina mlio, mlima haliuogopi.

Kilichobaki ulikuwa mvumo wa mara 88 kwa sekunde, mara mbili ya mzunguko wa propela. Fundi akaniambia, "Mzee, pakia mifuko sita ya saruji, kaisikilize." Mifuko sita ni kilo 300. Mvumo ukafifia mpaka ukawa wa kutafuta. Hiyo ni pembe: krosi zenye pembe mbaya hutikisa mara mbili kila mzunguko wa propela. Muuzaji alikuwa ameongeza kipande kwenye springi za nyuma kama sehemu ya kifurushi chake cha "safari ngumu", nyuma ikapanda, pua ya difu ikabadilika mwelekeo, na krosi za propela zikaanza kufanya kazi kwa pembe zisizolingana. Kwenye propela ya vipande viwili, kipande cha mbele hutakiwa kiwe karibu kunyooka na giaboksi, nusu nyuzi hadi nyuzi moja na nusu. Kipande cha nyuma, pembe ya juu na ya chini zilingane, tofauti isipite nyuzi moja, na kila moja isizidi nyuzi 3 hivi. Isiwe sifuri kabisa pia, maana beringi za krosi zisipojikunja zinajichimbia sehemu moja. Pembe unazipima kwa simu, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kama lazima liinuliwe, stendi ziwe chini ya eksli. Ukiliinua kwa chesisi, eksli inaning'inia na pembe zote unazosoma ni za uongo.

Dawa ni mbili: toa kipande kilichoongezwa, au weka kabari ya chuma kati ya springi na eksli kurudisha pua ya difu, kisha ukaze U-bolti na uzikaze tena baada ya kilomita mia chache. Kabla ya hapo, mtu akifungua propela aweke alama ya rangi kwenye flanji zote mbili (sahani zinazounganishwa kwa bolti). Ikirudishwa imegeuka, unaweza kutengeneza mtetemo ambao haukuwepo. Na kama pembe ziko sawa na mvumo upo, fungua bolti nne za flanji ya difu, geuza nusu mzunguko, funga, jaribu tena, kabla hujakubali kuuziwa propela nyingine.

Nikarudi kaunta na maelezo ya fundi. Hapo ndipo nyota zilipoanza kushuka tena. Kifurushi chao wenyewe, wamekifunga wenyewe, nimelipia kwenye bei, na jibu ni kwamba "marekebisho ya springi yanaathiri waranti." Tairi nalo eti nimfuate mwenye tairi. Ni kweli waranti ya tairi kwa kawaida ni ya mtengenezaji wa tairi, lakini aliyeliacha juani kwenye yadi siye mtengenezaji.

Halafu nikasoma jobukadi, karatasi ya gereji ya kazi iliyofanyika. Kwenye lalamiko wameandika "ukaguzi wa kawaida". Kwenye matokeo, "mteja ameridhika". Hakuna 105, hakuna milimita 2.1, hakuna dayo geji, hakuna jina la fundi aliyepima. Karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa siku beringi ya katikati ya propela ikifa kabla ya wakati, na kwa maandishi yao hakukuwa na mtetemo wowote. Usisaini. Waambie waandike spidi inapoanza, inapoishia, unaihisi wapi, gari likiwa tupu au na mzigo, wamepima nini na wamepata ngapi, kwa kalamu, mbele yako. Upige picha kabla hujaondoka.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu, moja ya gari na mbili za yule fundi. Ya gari nimeifuta. Spea yangu ni ya rimu ya chuma, bado iko nyuma kushoto, na tairi bovu liko kwenye bodi na selotepu yake, milimita 2.1 imeandikwa kwa chaki ubavuni.