Matairi ya bei nafuu kabla ya masika: yapi ununue, yapi uyaache dukani

Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, na kwenye maduka ya matairi watu hujazana mara tu mvua ya kwanza inapopiga. Hiyo ni wiki mbaya ya kununua. Fundi ana wateja wanaomsubiri, muuzaji anajua huna nafasi ya kuzunguka maduka mengine, na wewe unaishia kuchukua lililopo. Nunua Februari. Mwongozo huu nimemwandikia mwenye gari dogo la kawaida, Vitz, IST, Premio au Noah, ambaye bajeti imembana, anazunguka mjini siku zote na mara mojamoja anatoka kwenda Morogoro, Tanga au Iringa. Walioko Nairobi na Mombasa utawafaa pia, maana magari ni yaleyale na masika ni yaleyale.

Kabla ya kuulizia bei, pima ulichonacho. Kwenye mvua, mifereji ya kashata (ule mpira wa nje unaogusa barabara) ina kazi moja kubwa: kuyatoa maji chini ya tairi ili mpira uguse lami. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni utaona herufi TWI au alama ya pembetatu inayoonyesha vilipo. Kashata zikilika mpaka zikalingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6. Ulaya hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kisheria, na kwa mvua za kwetu mimi siwezi kumshauri mtu afike huko. Kuanzia milimita 3 kushuka chini, tairi limeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutoa maji. Ukiingia kwenye dimbwi kwa mwendo wa barabara kuu gari linaelea, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na breki hazina cha kushika.

Huna kipimo? Chomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha ipime kwa rula ya shule. Fanya hivyo sehemu tatu: upande wa ndani, katikati na upande wa nje. Likiwa limeliwa upande mmoja tu, gari linataka alaimenti, yaani kunyooshwa mkao wa magurudumu, na usipoifanya hata tairi jipya litakwenda njia hiyohiyo. Likiwa limeliwa katikati, umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi. Likiliwa kingo zote mbili, umekuwa ukitembea na upepo pungufu.

Sasa pesa. Watu wengi hulinganisha bei ya tairi kwa tairi, na hapo ndipo mtumba unapoonekana rahisi. Linganisha kwa milimita utakazozitumia. Tuseme jipya ni shilingi 140,000 za Tanzania na la mtumba la saizi hiyohiyo ni 70,000. Jipya lina milimita 8. Ukilitoa likifika 3, umetumia 5, yaani shilingi 28,000 kwa kila milimita. La mtumba lina milimita 4.5, nalo hilo ni zuri kwa mtumba. Mpaka lifike 3 umetumia moja na nusu, yaani zaidi ya shilingi 46,000 kwa milimita. Ongeza gharama ya kuvua na kuvisha mara mbili au tatu zaidi, maana utarudi kwa fundi mapema. Bei za dukani kwako zitakuwa tofauti na hizi, lakini fanya hesabu hii kabla hujatoa pesa. Mara nyingi itakuamulia yenyewe.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hivi ndivyo ninavyoyapanga.

1. Mapya ya daraja la kati. Hankook na Kumho za Korea Kusini, GT Radial ya Indonesia, Maxxis ya Taiwan, Apollo na CEAT za India. Firestone, ambayo ni mali ya Bridgestone tangu 1988, naiweka hapahapa. Bei za daraja hili hazifiki zile za majina makubwa, na unapata tairi la kampuni ambayo jina lake litakuwepo hata miaka mitatu ijayo ukitaka kuongeza la kufanana nalo. Kama pesa inatosha manne ya daraja hili, usiendelee kutafuta.

2. Mapya ya bei ya chini kutoka viwanda vinavyojulikana vya China. Linglong, Triangle, Sailun, Westlake, Goodride. (Hayo mawili ya mwisho yanatoka kwa mtengenezaji mmoja, kwa hiyo likikosekana moja chukua jingine bila wasiwasi.) Kuyadharau matairi yote ya China kwa mkupuo ni kujinyima. Kinachohitajika ni kuyachagua kwa macho, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia.

Soma ubavu wa tairi. Tafuta duara lenye herufi E na namba ndani yake, mfano E4: hiyo ni idhini ya kanuni za Umoja wa Mataifa. Pembeni yake kuna mfululizo wa namba, na mwishoni mwake unaweza kukuta herufi kama S2WR2. Hiyo W maana yake tairi limefaulu kipimo cha kushika barabara yenye maji. Kwa mnunuzi wa masika hiyo ndiyo herufi muhimu kuliko zote. Matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana pia neno TRACTION likifuatwa na AA, A, B au C, ambalo ni daraja la breki kwenye maji. Chukua A au AA, kisha ndipo uangalie TREADWEAR, ile namba ya kudumu. Muuzaji atakusifia TREADWEAR kubwa. Namba hiyo kila kampuni hujipangia kutokana na majaribio yake yenyewe, kwa hiyo isikuamulie peke yake.

3. Mawili mapya, mawili uliyonayo. Kama yaliyobaki yana milimita 4 au zaidi na hayana umri mkubwa, hii ni njia halali kabisa, na naipendelea kuliko kununua manne ya mtumba. Mapya yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi watakwambia yafungwe mbele kwa kuwa ndiko injini inakovuta, na watakuwa na uhakika kweli. Lakini kwenye maji, matairi ya mbele yakiteleza gari linanyooka na wewe unapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza gari linageuka mkia, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Kwenye kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, na lami imelowa, hutaki kuwa na vipara nyuma. Wakumbushe kabla hawajapandisha jeki, na msimamie.

4. Majina makubwa. Michelin, Bridgestone, Continental, Yokohama. Ni mazuri, na kwa anayesafiri mikoani kila wiki yanastahili bei yake. Nimeyaweka hapa kwa sababu ya bajeti tu. Ukikuta yanauzwa kwa bei ya kutupa, soma tarehe kwanza.

5. Mtumba kutoka Japani na Ulaya. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko wengi wanakokwenda.

Sehemu kubwa ya magari yetu inatoka Japani, na Japani kuna theluji. Mmiliki wa sehemu za theluji kule huwa na seti mbili: ya kawaida na ya majira ya baridi. Za baridi nyingi huja huku, ama zikiwa zimefungwa kwenye gari lenyewe, ama ndani ya kontena la matairi. Utazitambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa majina kama Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop. Zinazotoka Ulaya zina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani. Kashata zake zimechanwachanwa mistari myembamba mingi ya mawimbi, na ukizibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea.

Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Ujerumani sheria inataka matairi ya namna hiyo barabara inapokuwa na barafu au theluji, na kule yanaokoa maisha. Kwenye lami ya Dar es Salaam mchana, mpira huohuo unakuwa laini mno. Breki zinachukua umbali mrefu zaidi, gari linayumba kwenye kona, na kashata zinaisha mbio. Tatizo ni kwamba dukani ndiyo yanayopendeza zaidi: kashata nene, mpira mweusi, muuzaji anakuonyesha kwa kujiamini. Yaache. Yaache hata kama yametoka kiwandani jana.

Likiwa ni la kawaida na bado unataka mtumba, usinunue tairi lililokwisha kufungwa kwenye rimu. Omba uone ndani. Pitisha kiganja taratibu kuzunguka lote: nundu, waya unaochoma, kiraka karibu na ubavu, vyote ni sababu ya kuliacha. Tazama kama kuna mstari mweusi uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani, au unga wa mpira. Huo ni ushahidi kwamba tairi liliwahi kukimbia bila upepo wa kutosha, na nyuzi zake zimechoka hata kama nje linang'aa. Kisha chukua kitambaa chenye maji ufute ubavu, maana mengi hupakwa dawa ya kung'arisha. Likunje kidogo kwa mikono uone kama kuna nyufa chini ya mifereji. Tairi likipita yote hayo, lina umri mdogo na kashata zaidi ya milimita 5, linafaa kuwa spea au kukuvusha miezi michache.

6. Yaliyovikwa mpira upya. Kwenye malori na mabasi ni kazi ya kitaalamu inayofanyika duniani kote. Kwa gari dogo sioni faida yake wakati mapya ya China yapo.

7. Yaliyochongwa. Kuna watu wanachukua kipara na kuchimba mifereji kwa kisu cha moto. Kilichochimbwa ni mpira mwembamba uliobaki kufunika waya. Hili ni tairi la kupasuka, na abiria wako hawajui. Usilinunue kwa bei yoyote, na ukimwona ndugu yako ameuziwa, mwambie alitoe leo.

Tarehe niliyoitaja hapo juu, inayokuonyesha umri wa tairi, ipo ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho, mara nyingi ndani ya kijiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Inaweza kuwa imeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo kama huioni geuza tairi. Likiwa na tarakimu tatu lilitengenezwa kabla ya 2000, ondoka dukani. Zamani Arusha kulikuwa na General Tyre, na Nairobi kiwanda cha Sameer kilichokuwa kikitoa Yana mpaka kilipofungwa 2016. Siku hizi tairi jipya la gari dogo karibu lote linafika kwa meli, linakaa ghalani, halafu linaning'inizwa juani mbele ya duka. Mimi nakubali jipya lisilozidi miaka miwili tangu kiwandani. Watengenezaji wakubwa wanashauri tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na lisitumike baada ya miaka kumi hata kama kashata bado ni ndefu.

Saizi isome kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usiisome kwenye tairi lililopo, kwa sababu mwenye gari aliyekutangulia anaweza kuwa alifunga alichokipata. Chukua 195/65R15 91H, ambayo ni ya Noah na Wish nyingi: upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15. Hiyo 91 inaruhusu kila tairi kubeba kilo 615, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Herufi ya mwendo haitakusumbua, lakini namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kibandiko. Mwenye Probox ya mizigo au Hiace asikubali kabisa tairi la gari dogo la abiria kwa sababu tu rimu inalingana. Hiace inataka lenye C au LT, mfano 195R15C, ambalo limejengwa kubeba.

Unapokubaliana bei, ijumlishe kuvisha, balansi na valvu mpya. Valvu ni kitu cha bei ndogo, na ya zamani ikivuja utalaumu tairi. Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Upepo ujazwe kwa namba ya kibandiko, asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na urudie kila wiki mbili muda wote wa mvua, maana tairi lenye upepo pungufu linaelea kwenye maji mapema zaidi. Kagua na spea ukiwa hapohapo kwa fundi. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi ukaze nati.