Kipimaukinzani cha kutafutia maji: tuunde au tuagize?
Kila nikikutana na wachimba visima hapa Uganda, swali ni hili kuhusu kifaa hiki, kinachopima jinsi ardhi inavyozuia umeme ili kukisia maji yalipo. Kwa bei, cha kuunda kinashinda kwa mbali: betri ya gari, multimita nzuri na vigingi vinne vya chuma vya kuchomeka ardhini, viwili vya kupitisha mkondo wa umeme, viwili vya kupimia volteji. Kikiharibika Moroto, fundi anakifungua palepale. Cha kuagiza huenda kikarudishwa ng'ambo, na kiangazi kinapita.

Lakini miamba yetu ya kale huficha maji kwenye nyufa, na kadiri unavyopima chini zaidi ndivyo volteji inavyofifia. Hapo nakiamini cha kiwandani, kinachorudia vipimo na kuchuja kelele za umeme, yaani umeme wa pembeni unaovuruga vipimo.

Unafundisha wanafunzi au unatafuta maji yasiyo chini sana? Unda. Una mkataba wa visima virefu? Agiza, au kodi.