Nepi za kitambaa, maji ya kisima na sabuni niliyoishia nayo

Nina nepi 24. Nusu ni za mfuko, zile zenye kitambaa kisichopitisha maji kwa nje, vifungo vya kubana mbele, na taulo la kuingiza ndani. Nusu nyingine ni pamba tupu, za mraba, za kukunja na kupiga pini, ambazo bibi yangu mpaka leo huziita ubinda. Nilizinunua kabla ya kujifungua baada ya kukaa na kalamu na karatasi: mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku, na daipa za kutupa zingemaliza pesa ya mboga. Sikupiga hesabu ya sabuni. Wala ya maji.

Tunakaa Kisauni, Mombasa, nyumba ya kupanga, kisima uani. Maji ya mfereji huja siku yanapotaka, na yakikosekana tunanunua mitungi kwa mkokoteni. Kwa hiyo kufua ni kwa maji ya kisima, kwa mkono, kwenye karai, siku moja ndiyo moja siyo.

Miezi mitatu ya kwanza mambo yalikwenda. Wa nne, nepi zikaanza kuvuja. Mtoto akikojoa, mkojo haunywewi na taulo, unateleza juu yake na kutokea mapajani. Halafu ikaja harufu. Nepi imefuliwa, imekauka juani, ukiinusa hainuki kitu. Mtoto akiivaa nusu saa tu, chumba kizima kinanuka choo cha stendi. Asubuhi nikifungua ile ya usiku macho yalikuwa yakiniwasha kama namenya vitunguu. Tena mtoto akatoka vipele kwenye kinena, vyekundu, akawa analia kila akipanguswa.

Nilianza na sabuni ya mche kwa sababu ndiyo tuliyolelewa nayo. Unapaka, unafikicha, unasuuza. Kwenye leso na mashati haina neno. Kwenye nepi ilinitesa, na sababu yake nilikuja kuijua baadaye: sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta, na ikikutana na maji yenye chokaa, badala ya kutoa povu hugeuka utando mweupe mzito usioyeyuka. Ule ukoko unaobaki kwenye kingo za karai ukimwaga maji ndio huohuo. Karai unalisugua likatakata, lakini taulo la nepi nani atalisugua ndani? Utando unajazana kwenye nyuzi, na kitambaa chenye mafuta hakinywi maji. Nilidondosha tone la maji juu ya nepi kavu, likasimama pale kama lulu.

Nikahamia sabuni ya unga ya kupimiwa, ile ya gunia pale soko la Kongowea, ya bei ya chini. Povu lake! Povu mpaka viwikoni, nikasema hapa sasa nimefika. Kumbe povu jingi halina uhusiano mkubwa na usafi, na sabuni nyingi inataka maji mengi ya kusuuzia, nami maji ya maana nilikuwa nayanunua kwa mtungi. Nikawa nasuuza mara mbili, basi. Siku moja nikaitia nepi safi kwenye beseni la maji ya moto matupu, nikaikamua, povu likatoka kana kwamba ndiyo kwanza naanza kufua. Mtoto alikuwa amekalia sabuni wiki tatu.

Nepi zilipokuwa ngumu kama kamba ya katani, shoga yangu mmoja akanishauri nitie dawa ya kulainisha nguo kwenye maji ya mwisho. Zilinukia vizuri, hilo siwezi kulikataa. Ila dawa hizo kazi yake ni kuvisha uzi utando laini, na utando ndio tatizo nililokuwa nalo tangu mwanzo. Siku mbili baadaye kila nepi ilivuja. Kama una nepi za kitambaa, hiyo chupa waachie wenye mashuka.

La mwisho katika upuuzi wangu lilikuwa dawa ya klorini. Niliimimina kwenye ndoo ya nepi za usiku ambazo bado zilikuwa na mkojo. Ulinipanda mvuke mkali puani hadi kifuani, nikatoka mbio uani na mtoto mgongoni, nakohoa. Mkojo uliolala hutoa amonia, na amonia ikichanganyika na klorini hutoa hewa yenye sumu. Usijaribu. Na hata bila hilo, lastiki za nepi zangu mbili zililegea, hazikurudi tena.

Aliyenitoa ni mama mkwe. Alikuja kutoka Likoni kumwona mjukuu, akanikuta nimeinama kwenye karai, akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

“Mwanangu, haya maji wayajua?”

“Ni ya kisima, mama.”

“Ya kisima gani? Hii ni bahari iliyojificha. Sabuni yako haina makosa.”

Sikujibu, maana nilikuwa nimeshailaumu kila sabuni ya Kisauni. Lakini ukifikiri, visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni chokaa tupu. Maji yanayokaa humo hunyonya chokaa, na vikiwa karibu na pwani huongezewa na chumvi. Maji ya mfereji, yale yanayotoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo au Baricho kwenye mto Sabaki, ni habari nyingine kabisa mdomoni.

Akaniuliza kama nina magadi. Ninayo, ya kupikia kunde. Akatia kijiko kimoja cha mezani kwenye ndoo ya lita 20, akakoroga. Maji yakawa meupe kama yametiwa tui. Tukayaacha mpaka yakatulia, weupe ukashuka chini, tukayachota ya juu taratibu. Magadi hushikana na ile chokaa na kuiangusha chini. Chumvi yenyewe haiondoi, ukionja bado ni ya chumvi, ila chumvi haigombani na sabuni kama chokaa. Nikafulia maji yale kwa sabuni ileile ya gunia, kiasi kidogo, na kwa mara ya kwanza maji ya kusuuzia yakatoka meupe, yaani meupe ya maji.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuchagua sabuni kwa akili. Niliyoishia nayo ni Ariel ya unga, na nimekaa nayo mwezi wa nane huu. Sababu ni vimeng'enya, vile ambavyo kwa Kiingereza huitwa enzymes. Choo cha mtoto ni protini na mafuta, na vimeng'enya huvikatakata vipande vidogo vinavyotoka kwa maji, kazi ambayo mimi nilikuwa nikiifanya kwa vidole. Sabuni nyingine yoyote ya unga yenye vimeng'enya itafanya vilevile. Geuza pakiti usome nyuma, hiyo ya gunia haina pa kusoma. Ila vimeng'enya vina tabia zake: vinataka muda na vuguvugu. Maji ya baridi huvifanya vivivu, maji yanayochemka huviua, na klorini pia. Mimi hutumia maji ambayo mkono unavumilia bila kuurudisha, naroweka nusu saa, ndipo nafikicha.

Kabla ya hapo choo kigumu kinakwenda chooni, na nepi inasuuzwa kwa maji baridi ili mkojo utoke. Hatua hii watu huiruka, halafu wanafulia mkojo kwa sabuni. Kisha kuroweka, kufua, kusuuza mara tatu. Kijiko kimoja na nusu cha unga kwa nepi 8, si zaidi. Ukishika nepi iliyosuuzwa ikateleza vidoleni, bado ina sabuni, rudi.

Kwa zile 24 zilizokwisha kuharibika ilinibidi nianze upya. Za pamba nilizichemsha kwenye sufuria kwa magadi kidogo, kama alivyokuwa akifanya bibi, na maji yaliyotoka sitaki kuyaeleza. Za mfuko hazichemshwi, kile kitambaa cha nje kitabanduka, kwa hiyo mifuko ilipata maji ya vuguvugu tu na mataulo ndiyo yakaingia sufuriani. Tone la maji nililojaribu tena lilizama papo hapo. Vipele vilipungua ndani ya wiki, ingawa siwezi kuapa kwamba ni sabuni peke yake, kwa sababu wakati huohuo nilianza kumwacha uchi saa moja kila alasiri juu ya mkeka.

Sasa bei. Ukilinganisha kilo kwa kilo, Ariel inaizidi ile ya gunia kwa mbali. Lakini ile ya gunia nilikuwa nikiimwaga kwa kikombe, hii naipima kwa kijiko, na maji ya kusuuzia yamepungua mitungi miwili kwa kila ufuaji. Kwa hesabu yangu ya jikoni nimerudi palepale, labda nimeokoa kidogo. Harufu ni jambo la kuangalia kwa mtoto mwenye ngozi nyepesi, kama ilivyo kwa sabuni yoyote yenye manukato, wangu haikumdhuru. Na magadi huchubua vidole. Nilijifunza kupaka mafuta ya nazi kabla ya kuanza.

Madoa usiyagombanie. Alipoanza kula ndizi kila nepi ilitoka na michirizi myeusi, nikadhani nimerudi nyuma. Anika ikiwa bado na maji, upande wa doa ukitazama jua, na jua la Mombasa la saa sita litakumalizia. Ile mifuko iweke kivulini, joto kali huikausha lastiki. Msimu wa mvua kubwa ndio mtihani: mataulo mazito hukaa siku mbili kwenye kamba ya ndani na kuanza kunuka ukungu, na hapo nami hukubali kununua pakiti moja ya daipa za kutupa bila aibu.

Kilichonishinda mpaka sasa ni nepi ya usiku. Mtoto ana mwaka na mwezi mmoja, analala kwa muda wa saa kumi, na ikifika alfajiri ile harufu ya kitunguu ipo, si kali kama zamani lakini ipo. Ninachofanya ni kuisuuza mara tu ninapoamka, kabla hata ya kuteleka chai, isisubiri ndooni na wenzake. Mama mkwe anasema niongeze taulo la pili. Nitajaribu wiki hii.